Magari Yaliyotazama Bondeni

Ile kalamu mliyonipa siku ya kuniaga ina jina langu ubavuni kwa maandishi ya dhahabu, na haitoi wino. Nimeitikisa, nimeipulizia, nimeianika juani, wapi! Kwa hivyo haya naandika kwa biro ya mjukuu wangu, na msiseme sikushukuru. Mliniomba niwawekee kazi yetu kwenye karatasi, nyinyi mnaoingia idara ya barabara leo mkiwa na ramani ndani ya simu. Vyeo nitaviruka, maana vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaandikia habari za paking, yaani kupangia magari mahali pa kusimama, kazi ambayo kila mtu hapa Meru anaamini angeifanya vizuri kuliko wewe.

Siku ya kwanza nilifika yadi ya baraza la mji nikiwa na viatu vya kanisani. Nilikuwa nimetoka shule juzi, na nilikuwa msichana wa kwanza kuandikwa upande wa kazi za nje. Mwenye stoo aliniangalia juu mpaka chini, akanionyesha jikoni. "Birika iko pale," akasema. Nikamwambia sikuja kuchemsha chai, nimekuja kuchora barabara. Alicheka mpaka akakohoa. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mapipa ya lami: "Huyo ni wangu. Mpatie ovaroli." Ovaroli yenyewe ilikuwa imeshonewa pande la mtu, nikaifunga kiunoni kwa kamba ya katani na kazi ikaanza.

Sauti ile ilikuwa ya Mzee Njeru, mnyapara wetu. Njeru alikuwa Mmbeere wa Ishiara, kule jua linakoiva, na mpaka anastaafu hakuwahi kuuzoea mji wetu. Alivaa koti zito mwaka mzima akilalamika kwamba baridi ya Meru inatoka mlimani bila kupumzika njiani. Aliniita mwari, yaani binti, na alinifundisha kwa maneno machache na makaripio mengi. Kifaa chake cha kwanza kilikuwa uzi uliopakwa chokaa. Mmoja anashika huku, mwingine kule, mnauvuta, mnauachilia, pap! Alama inabaki chini, halafu unafuata na brashi. "Mstari ukipinda usilaumu uzi," alikuwa akisema. "Uzi hauna mambo mengi."

Mahali ambapo lami haikuwa imefika tulipanga mawe yaliyopakwa chokaa kuonyesha gari liishie wapi. Jioni mawe yako, asubuhi hayako. Tukayatafuta, mwishowe tukayapata Majengo, nyuma ya nyumba za kupanga, chini ya sufuria za githeri. Yalikuwa mafiga mazuri sana, makubwa ya kutosha na safi. Mimi nilitaka tuyachukue kwa nguvu. Njeru akaketi, akakaribishwa githeri, akala, akaniambia tutafute mawe mabaya zaidi. Tukaleta yaliyochongoka ambayo sufuria haiwezi kukaa juu yake, na hayo hakuna aliyeyagusa. Mpaka leo nikiona kitu cha serikali kimeibwa najiuliza kwanza kinapika nini.

Kabla ya kuchora popote, Njeru aligeuza mkebe wa rangi, akauketia, akawa anaangalia watu wanavyopita. Mara nyingine asubuhi nzima. Nilidhani ni uvivu, na siku zingine ulikuwa uvivu kweli. Lakini nilijifunza kuketi.

Sasa nifike kwa ile barabara inayoshuka kutoka soko la juu hadi Majengo, ambayo ndiyo iliyotutoa jasho. Kumbukeni ni mteremko. Upande mmoja ni maduka, mafundi cherehani na bucha. Upande wa pili ni ukuta mrefu wa ghala, mtupu. Zamani magari yalipita kupanda na kushuka, na madereva wote waliegesha kwa namna moja: makalio kwenye veranda za maduka, pua nje, ikitazama bondeni. Hakuna aliyewafundisha. Hata aliyepanda kutoka chini alikwenda mpaka juu, akageuka, akashuka, akasimama katikati ya barabara na kurudi nyuma taratibu mpaka akaingia vile wengine walivyoingia. Wakati huo wote lori nyuma yake linapiga honi.

Watu wakalalamika, na walikuwa na haki. Mafundi cherehani walileta nguo kaunta yetu pale barazani tuzinuse: moshi wa magari uliingia moja kwa moja dukani, na bibi arusi mmoja alikuwa amekataa gauni lake. Wenye malori wakaja. Wenye mikokoteni wakaja, nao wana midomo! Baraza likaamua barabara ipangwe upya, na kazi akapewa Injinia Mutuma. Alikuwa kijana mpole mwenye suti moja, na nawaambia kweli, mchoro wake ulikuwa mzuri. Magari yatapanda tu, yatashukia barabara ya nyuma. Yataegeshwa kimshazari pande zote mbili, pua kwenye veranda au ukutani, zikielekea juu. Moshi utaishia barabarani, na hakuna atakayegeuka katikati ya njia. Mimi na Njeru tukapiga uzi, tukapaka rangi, tukachora mishale mikubwa ya kupanda. Mwenyekiti wa kamati akakata utepe, mafundi cherehani wakapiga makofi. Nilimpeleka mama yangu Jumapili kuona mistari yangu, akaniuliza kwa nini sikupaka na rangi nyekundu kidogo.

Juma lililofuata kaunta ilijaa tena, na safari hii ni wenye magari. Hapo ndipo nilipoanza kusikia mambo ambayo sijawahi kuyasikia tena katika kazi hii. Mmoja alisema akiegesha pua juu, jua linapasua kiti chake. Tukatazama nje, ilikuwa mawingu, kama kawaida yetu Julai. Mwingine akasema mgongo unamuuma akishuka. Mwalimu Kirimi, mwalimu mkuu kutoka Githongo na mkulima wa kahawa, mtu wa tai na heshima zake, aliegemea kaunta akaniambia kwa Kiswahili cha darasani, "Binti, si adabu gari kulipa kanisa kisogo." Kanisa lenyewe lilikuwa mbali, huwezi kuliona pale. Nikamwambia, "Nimesikia, Mwalimu." Nikamgeukia Njeru, naye alikuwa ameinamia chai yake mabega yakitetemeka.

Barabarani nako kukawa sinema. Magari yalianza kurudi kinyumenyume mteremko mzima, kutoka juu hadi Majengo, yakikohoa. Polisi wa trafiki akamsimamisha dereva mmoja, akamwuliza kama haoni mshale. "Nauona, afande," akasema. "Kwani uso wa gari umeelekea wapi? Si juu? Mimi natii mshale." Afande akazunguka gari mara mbili akitafuta kosa lilipo. Mwishowe akawekwa mwingine kule chini, mkali zaidi, wa kuzuia mtu yeyote asishuke kwa makalio.

Mimi na Njeru tulikuwa watu wa miguu. Hatukuwahi kumiliki gari, hata mkokoteni. Tuliona ugonjwa lakini hatukuujua jina. Aliyenifumbua macho ni Mama Rukia.

Mama Rukia alikuwa na bucha upande wa chini wa barabara ile, karibu na Majengo. Mumewe alikuwa amefariki, na badala ya kurudisha bucha kwa ndugu za mume kama walivyotarajia, alivaa aproni na kuchukua ufunguo wa pikapu. Alikuwa mwanamke pekee niliyemjua mjini anayeendesha pikapu ya nyama mwenyewe. Asubuhi anaileta nyama kutoka kichinjioni, halafu anapeleka oda kwa mahoteli na shule ya wasichana ya bweni. Shemeji yake, Bakari, naye alikuwa na bucha karibu na msikiti. Kila Ijumaa baada ya swala alipita kumsabahi, akaketi kwenye benchi la wateja, akauliza kwa upole kabisa kama kazi haijamchosha. Majengo nzima ilijua anachongoja. Siku Mama Rukia akishindwa kupeleka nyama, wazee wa familia wataitwa, na bucha itarudi "nyumbani".

Nilikwenda kununua nusu kilo, nikamkuta ameketi juu ya gogo la kukatia, saa ambayo kwa kawaida yuko njiani.

"Shikamoo, Mama Rukia. Leo hukwenda shuleni?"

"Marahaba. Niende na nini? Na mistari yako?"

"Mistari yangu imekufanya nini?"

Akaniangalia, akaona kweli sijui. Akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Kagendo, mwanangu. Wewe unafikiri kwa nini mji mzima ulikuwa unatazama bondeni?"

Nikageuka kuitazama barabara.

"Betri," akasema. "Hii pikapu yangu haijawaka na ufunguo tangu mzee yuko hai. Naiachilia mteremko, naweka gia ya pili, naachilia klachi, inashika. Peke yangu, bila kuomba mtu. Sasa mmeigeuza uso juu. Nimejaribu kuiwasha kwa rivasi, si nimeingia kwa nyanya za watu? Na Bakari alisikia kabla hata nyanya hazijamaliza kubingirika. Siku za kwanza vijana walinisukuma wakiimba. Sasa wakiniona wanavuka barabara."

"Kwani wewe pekee ndiye betri yako imekufa?"

"Mimi pekee?" Akapiga gogo kwa kiganja. "Muulize mwalimu wako wa Githongo. Muulize mwenyekiti. Mtu akinunua gari hapa Meru anaua mbuzi, anaita kasisi aliombee. Atasimama vipi kaunta yako aseme haliwaki? Atasema jua. Atasema mgongo. Kila mmoja anangoja mwenzake aseme."

"Basi sema wewe. Kuna mkutano Alhamisi, pale ukumbini."

Alikata nyama yangu, akaipima, akaongeza kipande. "Nikisema gari imenishinda, Bakari atakuwa ameketi pale," akasema. "Nikinyamaza, shule itatafuta bucha ingine. Niambie wewe uliyesoma, kipi kina afadhali?"

Nilibeba nyama yangu nikaenda nimekasirika, sijui kumkasirikia nani. Nikamsimulia Njeru. Akavuta koti lake. "Mwari," akasema, "mtu akikuletea malalamiko, amekuletea kifuniko. Sufuria ameiacha kwake." Nikamwuliza basi tufanye nini. Akasema hatuwezi kumfunulia mtu sufuria yake. Nilimwona mwoga siku hiyo, na nilimwambia.

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka watu wakaketi madirishani. Injinia Mutuma alibandika mchoro wake ukutani. Wenye magari walisimama mmoja mmoja: jua, mgongo, heshima ya kanisa. Mmoja aliongeza kwamba magunia ya kahawa yanateremka. Mafundi cherehani wakapiga kelele kwamba hawarudi kwenye moshi hata kwa bunduki. Mwenyekiti akafuta jasho, akasema haoni sababu ya maana ya kubadilisha chochote, na kama hakuna neno lingine afunge mkutano. Bakari alikuwa mstari wa mbele, kanzu nyeupe pe, miguu amekunja nne. Nilimtafuta Mama Rukia kwa macho nikadhani hakuja.

"Niko na neno," sauti ikatoka nyuma.

Alisimama na aproni yake. Hakujipamba kwa mkutano.

"Mimi ni Rukia, wa bucha. Sina shida na jua. Gari yangu haiwaki. Betri ilikufa, na stata ikaifuata. Natumia mteremko. Mkigeuza gari yangu iangalie juu, bucha yangu imefungwa. Ni hayo tu."

Mbuzi akalia nje. Bakari akageuka, akafungua mikono kama mtu anayeonyesha bidhaa. "Jamani, si mnasikia kwa mdomo wake mwenyewe? Gari imemshinda. Mimi nilisema zamani kazi hii si ya..."

"Na yangu," mtu akasema.

Alikuwa Mwalimu Kirimi. Alisimama polepole, akarekebisha tai. "Gari langu pia haliwaki. Hata leo wanafunzi wamelisukuma hadi kwenye lami. Kuhusu kanisa, niliteleza ulimi." Nawaambia, kile kicheko kilianzia madirishani. Akasimama mwingine, na mwingine. Yule wa jua akasimama. Wa mgongo akasimama, tena wima kabisa. Injinia Mutuma, pale pale kando ya mchoro wake, akainua mkono kama mtoto wa shule: hata gari la baraza analotumia hulala mteremkoni nyuma ya yadi. Mwenyekiti alitazama meza kwa muda mrefu. "Yangu," akasema mwishowe, "ni asubuhi za baridi tu." Ukumbi ukaangua kicheko.

Mama Rukia alikuwa bado amesimama. Aliwangoja watulie. "Shemeji," akaita kwa adabu zote, "na yako huwa unailaza wapi?"

Majengo nzima ilijua jibu. Bakari aliegesha juu ya kilima cha msikiti, pua chini, siku zote. Alikunjua miguu, akatazama saa yake, na sikumsikia tena mkutano ule.

Nililia kidogo, sioni haya kusema. Njeru aliniona, akanipa kitambaa chenye rangi ya barabara.

Kupanga upya sasa hakukutuchukua muda, kwa sababu tulijua tunapanga nini. Tukageuza mishale, barabara ikawa ya kushuka. Upande wa maduka magari yakaingiza pua, moshi ukabaki nje, mafundi wakafurahi. Upande wa ukuta wa ghala tukachora ya kuingia kwa makalio: pua nje, bondeni, njia wazi mbele. Injinia alitaka kibao cha kueleza upande ule ni wa nani. Njeru akakataa katakata. "Ukiandika, hakuna ataegesha," akasema. "Acha wenyewe waseme wanafuata kivuli." Na ndivyo walivyosema, ingawa ukuta ule hauna kivuli hata kidogo. Watu wa mji wakapatungia jina lao, wakapaita Wodini, na asubuhi ungeona wodi yote imejaa wagonjwa waliovaa tai.

Mama Rukia alichukua nafasi ya kwanza kule chini, mkabala na bucha yake. Asubuhi ya kwanza nilikuwa pale na brashi yangu. Aliketi, akaachilia breki, pikapu ikaanza kuteremka bila sauti, ikapita mbele yangu yeye akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, midomo ameifumba. Halafu ikakohoa, ikashika. Akapiga honi mpaka Majengo.

Njeru alirudi Ishiara kwenye joto lake, akatuma asali kila mwaka mpaka alipotutoka. Mimi nikaendelea na uzi. Nilipaka mistari hadi Embu nilipoazimwa, na kila nilipopelekewa malalamiko nilisikiliza mpaka mwisho, kisha nikageuza mkebe na kuketi. Nanyi mketi. Simu zenu zitangoja.

Siku ile mliyoniaga, nilipita bucha kabla ya kurudi nyumbani. Mama Rukia sasa ni ajuza, wajukuu ndio wanaokata nyama, lakini ufunguo wa gari hajampa mtu. Alinifungia paja zima la mbuzi, akakataa nisimshukuru. Nje ilisimama pikapu yake, mpya kabisa, ya zile zinazowaka kwa kubonyeza kidude. Ilikuwa Wodini, nafasi ile ile, makalio ukutani, pua bondeni.

"Mama Rukia," nikamwambia, "hii si inawaka yenyewe? Bado unaiegesha hivi kwa nini?"

Alifuta kisu chake taratibu. Pale kwenye benchi la wateja, mzee mmoja wa kanzu nyeupe alikuwa ameketi akiota jua, fimbo katikati ya magoti, akimwuliza mjukuu kwa upole kama kazi haijamchosha bibi.

"Gari ni mpya," akaninong'oneza. "Shemeji ni yule yule."